Nimeacha sigara miezi minne, mbona pumzi inakatika sasa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala hapa Lushoto, nina miaka 47. Nimevuta sigara miaka 22, pakiti moja kwa siku. Niliacha Ramadhani ilipoanza, na mpaka leo, mwezi wa nne huu, sijagusa. Ajabu ni kwamba nilipokuwa navuta sikuwa na shida. Sasa nikipanda kilima cha kwenda nyumbani nasimama njiani natweta, na usiku mwingine nahisi pumzi haifiki mwisho. Asubuhi nakohoa makohozi. Wenzangu wa karakana wananiambia mwili ulishazoea, nirudie hata moja ya jioni. Wengine wanasema ni sumu inatoka, ninywe maziwa na dawa ya kusafisha mapafu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, fundi. Miezi minne si haba kwa mtu aliyekuwa akimaliza pakiti kwa siku, na nimefurahi umeuliza kabla ya kurudia.

Usiwasikilize hao wala hao. Sigara ya jioni usiirudie hata kwa kuonja. Na maneno ya "sumu inatoka" yasikuweke nyumbani ukisubiri iishe, kwa sababu kufikia mwezi wa nne pumzi ya aliyeacha inatakiwa iwe inarudi. Kama inazidi kupungua, kuna jambo la kupimwa, na jambo hilo halikuletwa na kuacha sigara.

Nianze na yale ambayo kweli huletwa na kuacha, ili ujue yanaishia wapi. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu akiacha, gesi hiyo humtoka ndani ya siku moja au mbili. Nikotini nayo haikai zaidi ya siku chache. Kwa hiyo tangu juma la kwanza la mfungo damu yako inabeba oksijeni vizuri kuliko ilivyobeba kwa miaka yote 22.

Kinachodumu zaidi ni kikohozi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na vumbi kwenda juu kooni. Moshi huvilemaza. Vikianza kupata nguvu, katika wiki na miezi ya mwanzo, mtu anaweza kukohoa kuliko alivyokuwa akikohoa wakati anavuta. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa sumu inatoka, na una ukweli kiasi. Lakini kikohozi cha namna hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi, na hakimsimamishi mtu kilimani.

Halafu kuna arosto, yaani mwili kuidai sigara. Kifua kubana, hasira za karibu, usingizi wa kukatika, wasiwasi usio na sababu: hayo hupamba moto wiki ya kwanza na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya pili na ya nne. Mwenye wasiwasi hupumua harakaharaka na juujuu bila kujijua, na kadiri anavyoitafuta pumzi ndefu ndivyo anavyoikosa. Huenda zile pumzi zako za usiku zisizofika mwisho zimo humu, na kuna namna ya kutambua. Ya wasiwasi huja mtu ametulia. Anapiga miayo au kushusha pumzi mara kwa mara, vidole na midomo vinakufa ganzi, na akiinuka kufanya shughuli hali inatulia. Lakini kama umelala fofofo ukakurupuka huku unatafuta hewa, ukalazimika kukaa kitako au kufungua dirisha, hiyo ni nyingine kabisa. Hiyo ni ya moyo au ya pumu mpaka vipimo viseme vinginevyo.

Nikuulize pia habari za kahawa, maana watu wachache huambiwa hili. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile ulivyozoea kunywa kijiweni vinaweza kukuachia kafeini karibu maradufu kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unaruka, na mtu anadhani ni sigara anaidai. Punguza kahawa na chai ya rangi kwa nusu, na usinywe baada ya alasiri. Uzito nao uangalie. Wengi huongeza kama kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza baada ya kuacha, na kilo hizo unazipandisha kilimani kila jioni.

Sasa nije kwenye lile linalonipa mashaka zaidi. Umeandika kwamba ulipokuwa unavuta hukuwa na shida. Wagonjwa wengi wa kifua husema hivyo, nao hawadanganyi, ndivyo walivyohisi. Mapafu hayaanguki siku moja. Yanapungua polepole, na mwenyewe anapunguza mwendo pamoja nayo bila kujua. Jitafakari kwa dhati: miaka mitatu iliyopita, nani alikuwa anabeba ubao wa mvule kuuingiza karakana, wewe au vijana wako? Kile kilima ulikuwa unakipanda mfululizo, au kulikuwa na mahali unaposimama kuwasha sigara? Mvutaji akisimama kuwasha hupumzika dakika kadhaa, na hakuna anayemwambia kwamba amechoka. Ukiacha sigara unaacha na kile kituo, kisha unajikuta unapanda bila kupumzika kwa mapafu yaleyale.

Hata ile nafuu ambayo wenzako wanakuahidi ina maelezo yake. Sigara ya jioni hukata arosto ambayo sigara ya jana iliileta. Na tazama mtu anavyovuta: anavuta pole, anabana kidogo, anatoa pumzi taratibu kwa muda mrefu kupitia midomo iliyokaribiana. Pumzi ya namna hiyo hutuliza kifua yenyewe, na nitakuonyesha hapa chini namna ya kuipata bila moshi.

Pakiti moja kwa siku kwa miaka 22 ni mzigo mkubwa. Sisi wa kifua tukisikia hata nusu yake kwa mtu mwenye kikohozi na pumzi fupi, tunaanza kutafuta ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao kwenye cheti huandikwa COPD. Njia za hewa zinakuwa nyembamba na zenye makohozi, na vifuko vya hewa vinaharibika. Hewa inaingia, kutoka ndiyo shida. Inabaki imenaswa ndani, ndiyo maana mgonjwa anahisi pumzi mpya haina pa kukaa.

Kwa nini basi nisikubali hata sigara moja? Ukiwa mtu mzima, hata bila kuvuta, hewa unayoweza kuipuliza katika sekunde ya kwanza hupungua kwa takriban mililita 20 hadi 30 kila mwaka. Huo ni uzee tu. Huko Marekani na Kanada kulikuwa na utafiti uitwao Lung Health Study, uliowafuatilia kwa miaka 11 wavutaji ambao mapafu yalikuwa yameanza kuziba. Wanaume walioendelea kuvuta walipoteza kama mililita 66 kila mwaka. Walioacha walipoteza kama 30. Yaani waliacha, na mapafu yao yakarudi kwenye mwendo wa kuzeeka wa mtu ambaye havuti. Kilichoharibika hakirudi chote, sitakuficha hilo, lakini umeshafunga mlango ambao hakuna dawa ya hospitali inayoweza kuufunga vizuri hivyo. Na usidanganyike kwamba moja ni kidogo: kwa upande wa moyo, anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayoibeba mvutaji wa 20. Shisha ndiyo usiisogelee kabisa. Kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi mwingi mara 100 hadi 200 kuliko wa sigara moja.

Lakini wewe ni fundi seremala, na hapo naona jambo la pili ambalo lingeweza kusahaulika kwa kuwa kila mtu anaitazama sigara. Vumbi la mbao huleta pumu ya kazini, na mvule ni miongoni mwa mbao zinazojulikana kwa hilo. Vanishi zinazochanganywa na hadena, ile dawa ya kuzigandisha, ni mbaya zaidi, hasa zikipuliziwa ndani ya chumba. Jichunguze: siku usizokwenda karakana, pumzi ikoje? Ukisafiri wiki nzima kwenda msibani au harusini, kikohozi kinatulia? Ukirudi kazini, jioni au usiku kinaamka? Kama ndiyo, mwambie daktari neno hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu pumu ya kazini ina tiba, na ikiachwa inaganda.

Na kwa kuwa tuko Tanzania, kikohozi kilichozidi wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, hata kama una hakika ni cha sigara. Aliyevuta sigara hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko asiyevuta, na makohozi ya asubuhi ya mvutaji huuficha ugonjwa huo kwa miezi. Kupima makohozi na kutibiwa ni bure kwenye vituo vya serikali. Anza na hilo, kwa sababu zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuelekeza wiki hii hii. Ukiwa hapo wakupime shinikizo la damu na wingi wa damu, na uwaonyeshe miguu yako. Miguu inayovimba jioni, au kulazimika kulala kwa mito miwili mitatu ndipo upumue, hututoa kwenye mapafu na kutupeleka kwenye moyo.

Kipimo kitakachomaliza ubishi kuhusu njia za hewa kinaitwa spirometa. Hakina sindano wala maumivu. Unabanwa pua kwa kibanio, unavuta hewa yote unayoweza, unafunga midomo kwenye mrija, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea kupuliza mpaka usikie hakuna kilichobaki, huku mpimaji anakupigia kelele "endelea, endelea, endelea". Utarudia angalau mara tatu. Halafu utavutishwa dawa ya kufungua kifua, utasubiri kama dakika 15, na utapuliza tena. Mapafu yenye afya hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa hiyo katika sekunde ya kwanza. Kama hata baada ya dawa hufiki hapo, njia zimeziba kwa ugonjwa sugu. Kama dawa imezifungua sana, pumu inakuwa mbele kwenye orodha. Ulizia kipimo hiki hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikibidi uombe rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Picha ya kifua utapigwa, na ni muhimu kwa ajili ya kifua kikuu na uvimbe, lakini picha safi haimaanishi njia za hewa ni nzima. Nimeona wengi wakirudishwa nyumbani kwa sababu picha ni nzuri. Ukiambiwa hivyo, uliza kwa adabu habari ya kupuliza.

Ukiwa unasubiri tarehe, jipime hivi nyumbani. Vuta hewa yote, fungua mdomo wazi, puliza kwa nguvu mpaka iishe, na mtu akuhesabie kwa saa ya simu. Ikipita sekunde 6 bado unasikia hewa inatoka, hiyo ni dalili ya kuziba. Ikiwa chini ya hapo usijipe cheti cha uzima. Nenda tu kapime.

Sasa namna ya kuishi na pumzi hiyo kuanzia leo. Ile ya mvutaji niliyokuahidi ni hii: vuta hewa kwa pua ukihesabu moja, mbili; kisha kaza midomo kidogo, namna ya mtu anayepuliza chai ya moto, na utoe hewa taratibu ukihesabu mpaka nne. Usisukume kwa nguvu. Midomo iliyobanwa huzuia njia za hewa zisijifunge kabla hewa iliyonaswa haijatoka, na ikitoka ndipo pumzi mpya inapata nafasi. Fanya mazoezi ukiwa umetulia, mara kadhaa kwa siku, ili siku ya kutweta mwili ukumbuke wenyewe. Kilimani usingoje uishiwe. Panda kwa mwendo mdogo unaolingana na pumzi: hatua mbili unavuta, hatua nne unatoa. Na kazini, toa pumzi wakati wa nguvu. Ukisukuma randa, toa, ukiirudisha, vuta. Ukiinua ubao, toa. Mafundi wengi hubana pumzi wanapoinua, na hapo ndipo kifua kinapowashinda.

Ikikukamata njiani, usijilaze. Inama kidogo mbele, weka viganja juu ya magoti au egemea ukuta kwa mikono, mabega yalegee. Nyumbani, kaa kwenye kiti, viwiko juu ya meza, na upepewe usoni, kwenye mashavu na puani. Hilo limejaribiwa kwa feni ndogo za mkononi, na kweli hewa baridi ikigusa uso hupunguza hisia ya kukosa pumzi hata kama oksijeni haijabadilika. Kipepeo cha ukindu kinapeleka hewa vilevile, ila kiwe safi, kisitoke jikoni na majivu yake.

Makohozi ya asubuhi usipigane nayo kwa kukohoa mpaka mbavu ziume. Vuta pumzi ya kati, fungua mdomo na koo, toa hewa kwa mkupuo ukitamka "haaa" kama mara mbili, pumzika kwa pumzi za kawaida, rudia. Makohozi yatapanda yenyewe, na hapo kikohozi kimoja kinatosha. Kunywa maji ya kutosha.

Kubwa kuliko yote hayo, usiache kutembea. Woga wa kutweta humkalisha mtu, misuli ya miguu inanyong'onyea, na misuli iliyonyong'onyea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mwezi ujao kilima kinakuwa kirefu zaidi. Anza na dakika 10 kwenye njia tambarare, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, siku tano kwa juma, ukiongeza kidogo mpaka 30. Huko Kampala, Hospitali ya Mulago, walifanya mazoezi ya namna hii kwa wiki sita na watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, walio na hali ngumu kuliko yako, na walitembea zaidi na kupumua vizuri zaidi. Ila kama kifua kinauma au kinabanwa unapotembea, simama na usianze programu yoyote kabla ya kupimwa moyo.

Kuhusu maziwa, najua karakana nyingi huwanywesha mafundi maziwa ili yatoe vumbi. Maziwa yanakwenda tumboni, hayapiti mapafuni, na hayatoi vumbi hata chembe. Ni chakula kizuri. Kunywa kama chakula. Pesa ya dawa ya kusafisha mapafu nunulia barakoa ya N95, ambayo ni tofauti na kitambaa au ile ya buluu ya hospitali, inayopitisha vumbi laini pembeni. Pasulia na kupiga msasa nje, nyunyiza maji kabla ya kufagia, vanishi ipulizie uwanjani. Na kama jikoni nyumbani ni kuni na mkaa chumba kisicho na dirisha, moshi huo unaumiza mapafu yenu wote, mama watoto kabla yako. Duka la dawa nalo lisikuuzie vidonge vya steroidi au antibayotiki kwa kusikiliza kikohozi tu. Baadhi ya antibayotiki hutuliza kifua kikuu kwa muda na kukifanya kichelewe kuonekana.

Hayo yote ni ya mtu anayeweza kusubiri wiki moja. Usisubiri, nenda siku hiyohiyo, usiku au mchana, ukikohoa damu. Ukiishiwa pumzi ghafla ukiwa umekaa. Maumivu ya kifua yakisambaa mkononi au tayani pamoja na jasho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Ukishindwa kumaliza sentensi. Au ndani ya midomo na ulimi ukiwa na rangi ya buluu au kijivu, maana kwenye ngozi zetu nyeusi hapo ndipo panapoonyesha. Kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, au sauti kukwama kwa zaidi ya wiki tatu si ya usiku huo, lakini yapeleke juma hilo.

Ukienda, chukua karatasi uandike mambo haya, usitegemee kukumbuka mbele ya daktari: pakiti moja kwa siku miaka 22, umeacha lini, kikohozi kimeanza lini na makohozi yana rangi gani, kwenye tambarare unaweza kwenda sambamba na watu wa rika lako au wanakuacha, unasimama baada ya umbali gani, pumzi ya usiku inakuamsha au inakukuta macho, siku za mapumziko kunakuwaje, mbao gani unapasua na vanishi gani unapulizia, vikombe vya kahawa kwa siku, dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, na kama kuna mtu nyumbani au karakana amewahi kuugua kifua kikuu. Umwambie pia kwamba kuna wanaokushawishi urudie, na kwamba arosto ikikuzidi ungependa kusaidiwa.